Saa Iliyo Ndani ya Mwili

Wahenga walisema kwamba ujana ni moshi, ukienda haurudi. Katika maneno hayo machache walitia mambo mawili ambayo kila mtu ayajua: kwamba mwili wa mwanadamu hubadilika kila siku ipitayo, na kwamba mabadiliko hayo hayana njia ya kurudi nyuma. Lakini liko jambo la tatu ambalo methali hiyo haikuligusa. Moshi huo huenda kwa mwendo gani, na mwendo wake umepimwa na nini? Mtoto huota meno ya kwanza akiwa na miezi sita hivi. Akifika miaka sita meno hayo huanza kung'oka. Baadaye hubaleghe, hukoma kurefuka, na mwisho huota mvi. Mambo hayo hufuatana kwa watu wa kila nchi kama majira ya mwaka yafuatanavyo. Ungedhani kwamba ndani ya mwili iko saa iliyofichwa, isiyosikika mlio wake, ambayo huwaamuru watoto wakue na wazee wazeeke kila mmoja kwa zamu yake.

Msomaji mpendwa, nataka tuifuate pamoja historia ya saa hiyo: jinsi matabibu walivyoiona ikienda mbio kupita kiasi katika miili ya watoto wachache, jinsi watu walivyowatupia lawama wasiostahili, na jinsi kosa lenyewe lilivyotafutwa kwa muda wa miaka 117 mpaka likapatikana.

Safari yetu yaanzia katika nchi ya Turkana, kaskazini magharibi mwa Kenya. Ukitoka Lodwar, mji ulio kando ya mto Turkwel, ukaelekea kaskazini kwa kuufuata upande wa magharibi wa Ziwa Turkana, utafika mahali paitwapo Nariokotome, penye mto wa mchanga ambao hujaa maji siku za mvua tu. Hapo, mwezi wa Agosti mwaka 1984, Mkenya mmoja aitwaye Kamoya Kimeu aliona juu ya changarawe kipande kidogo cha fuvu la kichwa, chenye rangi iliyofanana sana na rangi ya mawe yaliyokizunguka. Mtu mwingine angelipita asione kitu. Kamoya, aliyekuwa amezoea kazi hiyo kwa zaidi ya miaka 20, aliinama akakiokota. Yeye na wenzake, wakiongozwa na Richard Leakey na Alan Walker, walichimba mahali pale wakafukua karibu mifupa yote ya mvulana mmoja aliyekufa yapata miaka milioni 1 na nusu iliyopita. Alikuwa wa jamii ya watu wa kale ambayo wataalamu huiita Homo erectus.

Swali la kwanza lilikuwa hili: mvulana huyu alikufa akiwa na umri gani? Kimo chake kilikaribia sentimita 160, na kwa kimo hicho ungemdhania kijana wa miaka 15. Mifupa yake, ilipolinganishwa na ya watoto wa leo, ilisema miaka 13. Meno yake yalisema miaka 11. Basi hao walikuwa mashahidi watatu, na kila mmoja ana neno lake. Hatimaye wataalamu waligundua njia bora zaidi. Jino linapojengwa huweka tabaka nyembamba mno, moja baada ya nyingine, kwa muda maalumu, kama mti uwekavyo miviringo ndani ya shina lake. Tabaka hizo zikihesabiwa kwa darubini, huonyesha umri wa kweli. Mwaka 2001 wataalamu walitangaza hesabu ya meno ya watu wa kale wa jamii hiyo, na ikaonekana kwamba mvulana wa Nariokotome hakuwa na miaka 15, wala 13, wala 11. Alikuwa na miaka 8 hivi.

Mvulana yule hakuwa mgonjwa wa kukua upesi. Kasi ile ndiyo iliyokuwa kawaida ya jamii yake. Watoto wao walifika utu uzima mapema kuliko watoto wetu. Nasi twajifunza kwake jambo moja ambalo litatufaa mbele: umri wa mwili si lazima ulingane na umri wa kalenda, na kasi ya saa ya mwili ni urithi, yaani imeandikwa mahali fulani ndani ya mtu hata kabla hajazaliwa. Ikiwa imeandikwa, basi yaweza pia kuandikwa vibaya.

Sasa tuvuke bahari mpaka Uingereza. Mwaka 1886, mjini London, tabibu maarufu Jonathan Hutchinson alitoa habari ya mtoto wa kiume wa miaka mitatu na nusu ambaye hakuwa na nywele, na ngozi yake ilikuwa imesinyaa kama ya mzee. Hutchinson alikuwa mtu wa elimu nyingi na macho makali, naye aliandika yale aliyoyaona. Walakini hata katika kichwa cha habari yake hakuacha kutaja kwamba mama wa mtoto yule alikuwa karibu na upara mtupu tangu umri wa miaka sita. Leo twajua kwamba upara wa mama ulitokana na ugonjwa mwingine kabisa, nao haukuhusiana hata kidogo na taabu ya mwanawe. Lakini angalia, msomaji, jinsi jicho la mwanadamu lilivyo: mtoto akizaliwa na jambo lisiloeleweka, mtu wa kwanza kutazamwa ni mama yake. Ikiwa bingwa wa London alifanya hivyo, tusistaajabu kwamba katika vijiji vya dunia, na vyetu pia vimo, wanawake wengi wamesimangwa, wametengwa, hata wamefukuzwa, kwa sababu ya sura za watoto waliowazaa.

Tabibu wa pili alikuwa Hastings Gilford wa mji wa Reading. Yeye aliona mtoto mwingine mwenye dalili zilezile, akaandika habari zake mwaka 1897. Na mwaka 1904 akaupa ugonjwa huo jina la projeria. Jina hilo limetoka katika lugha ya Kiyunani, na maana yake ni uzee uliotangulia wakati. Tangu hapo ugonjwa huitwa kwa majina ya matabibu hao wawili, projeria ya Hutchinson na Gilford.

Hebu tuueleze ugonjwa wenyewe. Mtoto mwenye projeria huzaliwa akiwa kama watoto wengine, na wazazi hufurahi bila ya shaka yoyote. Kabla hajatimiza miaka miwili, ukuaji wake hupungua. Nywele za kichwani humtoka, na nyusi pia. Mafuta yaliyo chini ya ngozi huisha hata mishipa ikaonekana, viungo hukakamaa, uso huwa mdogo na pua nyembamba. Lililo kubwa kuliko yote halionekani kwa nje: mishipa ya damu hukauka na kuziba, kama ya mzee wa miaka 70, na mtoto asiyepata dawa hufa, kwa wastani, akiwa na miaka 14 na nusu, aghalabu kwa ugonjwa wa moyo au kiharusi.

Lakini si kila dalili ya uzee humpata. Hasahau mambo kama wazee wengine wasahauvyo. Macho yake hayaingii mtoto wa jicho. Wala saratani haimjii zaidi kuliko wenzake. Akili yake ni sawa na ya wenzake wa umri wake. Hucheza, husoma, hucheka na kuona haya kama mtoto, maana ni mtoto. Kwa hiyo jina la uzee huweza kumdanganya asikiaye. Anayemwita mtoto huyo kikongwe amekosa mara mbili: amekosa adabu, na amekosa elimu.

Baada ya Gilford kulipita karibu karne nzima bila ya maendeleo makubwa. Sababu zilikuwa mbili. Kwanza, ugonjwa huu ni adimu mno. Hukadiriwa kumpata mtoto mmoja katika watoto milioni 4 wanaozaliwa. Tabibu aliweza kufanya kazi mpaka akastaafu asimwone hata mgonjwa mmoja. Pili, chombo cha kuitafuta asili yake hakikuwapo. Watu walijua tangu zamani kwamba mtoto hufanana na wazazi wake, lakini hawakujua urithi huo umeandikwa wapi. Mwaka 1953, James Watson na Francis Crick, wakitumia pia picha zilizopatikana katika maabara alimofanya kazi Rosalind Franklin, walieleza umbo la DNA, uzi mwembamba ulio ndani ya kila chembe ya mwili yenye kiini. Ikafahamika baadaye kwamba uzi huo ni kama kitabu kilichoandikwa kwa herufi nne tu, ambazo wataalamu huziita A, C, G na T. Kitabu cha mwanadamu kina herufi zipatazo bilioni 3. Fungu la herufi lenye amri kamili moja huitwa jeni. Kulitafuta kosa la herufi moja katika kitabu cha ukubwa huo ni kama kutafuta kokoto moja maalumu katika mchanga wote wa mto Turkwel.

Waliofanya kazi hiyo ianze hawakutoka katika chuo kikubwa wala serikalini. Mwaka 1998, huko Marekani, mtoto aitwaye Sam Berns, ambaye hajatimiza hata miaka miwili, alitambuliwa kuwa na projeria. Wazazi wake, Leslie Gordon na Scott Berns, walikuwa madaktari wote wawili. Walitafuta vitabu wakaona havina la kuwaambia; walitafuta watafiti wakaona karibu hakuna. Wangeweza kukaa na kulia, wala hapana ambaye angewalaumu. Badala yake, mwaka 1999 wao na jamaa zao walianzisha shirika la utafiti wa projeria, wakaanza kuwatafuta wagonjwa wa ugonjwa huo popote walipo duniani, na kuziomba familia zao zitoe damu na ngozi kidogo kwa ajili ya uchunguzi. Watoto walikuwa wachache na mbali mbali, lakini haba na haba hujaza kibaba. Chembe zao zilihifadhiwa mahali pamoja, na kwa mara ya kwanza watafiti wakawa na kitu cha kuchunguza.

Mambo yakaenda upesi. Mwezi wa Aprili mwaka 2003 wataalamu walitangaza kwamba kazi ya kukisoma kitabu chote cha mwanadamu imetimizwa. Na mwezi uleule kosa la projeria likatangazwa pia. Vikundi viwili vililipata: kimoja cha Marekani, kilichoongozwa na Francis Collins, ambamo Maria Eriksson alifanya sehemu kubwa ya kazi, na kingine cha Ufaransa, cha Nicolas Lévy na wenzake. Kosa lilikuwa katika jeni iitwayo LMNA. Wamarekani waliwachunguza wagonjwa 20 wenye dalili kamili, wakakuta kwamba 18 miongoni mwao walikuwa na kosa lilelile, mahali palepale: herufi ya 1,824 ya amri hiyo, iliyopaswa kuwa C, ilikuwa T. Herufi moja tu.

Huenda ukauliza, herufi moja yawezaje kumzeesha mtoto? Swali lako ni la haki, na jibu lake ni zuri kulijua. Karibu kila chembe ya mwili ina kiini, na kiini kina ganda. Ganda hilo halisimami lenyewe. Kwa ndani limeshikwa na fito za protini iitwayo lamini A, ambayo hujengwa kwa amri ya jeni hiyo ya LMNA. Fikiri kibanda cha Kiturkana, kile cha mviringo kilichojengwa kwa fito zilizopindwa na kufungwa, kisha kikaezekwa juu. Fito zikiwa imara, kibanda hustahimili upepo wa nyika. Zikipotoka, kibanda huinama na kuharibika.

Sasa, lamini A haifiki mahali pake pekee. Inapotengenezwa hufungwa mkia wenye mafuta, ambao ni kama kamba ya kuivutia mpaka kwenye ganda. Ikiisha kufika, mkia hukatwa, nayo lamini hubaki huru mahali pake. Kosa la herufi ile moja huharibu kazi hii kwa namna ya ajabu. Herufi T iliyoingia haibadilishi maana ya neno lake. Neno la zamani na neno jipya huamuru kitu kilekile kabisa. Wataalamu wangeweza kulipita na kusema ni kosa lisilo na dhara. Lakini chembe, kabla ya kutumia amri ya jeni, huinakili na kuikata vipande na kuviunga upya, kama fundi cherehani akatavyo kitambaa kwa kufuata alama za chaki. Herufi mpya hufanana na alama ya chaki mahali pasipostahili alama. Fundi hudanganyika, hukata hapo, na kipande cha herufi 150 hutupwa. Katika kipande kilichotupwa ndipo palipokuwa mahali pa kukatia mkia.

Matokeo yake ni protini yenye kasoro iitwayo projerini. Kamba yake haikatwi kamwe. Hubaki imefungwa kwenye ganda la kiini, ikilivuta huku na huku, mpaka kiini kinapoteza umbo lake. Chembe hudhoofika na kufa mapema, hasa zile za kuta za mishipa ya damu, ambazo hupigwa na msukumo wa damu mchana na usiku. Hiyo ndiyo saa iliyoharibika.

Ugunduzi huo ulileta pia hukumu juu ya lawama ya miaka mingi. Wazazi wa watoto walipochunguzwa, walionekana hawana kosa hilo katika damu yao. Halikutoka kwa babu wala bibi. Lilizuka upya, aghalabu katika mbegu ya baba, wakati kitabu cha herufi bilioni 3 kilipokuwa kikinakiliwa. Mwandishi yeyote anayenakili kitabu kirefu hukosea mahali, nao mwili ni mwandishi. Kila mmoja wetu, wewe na mimi, amezaliwa na makosa machache mapya ya namna hiyo, na mengi hayadhuru. Basi ugonjwa waweza kuwa wa jeni bila ya kuwa wa kurithi. Mama hakuuleta kwa chakula alichokula, wala kwa mtu aliyemcheka, wala kwa mwiko aliouvunja. Baba naye hakutenda dhambi. Laana haimo katika habari hii.

Isije ikadhaniwa kwamba magonjwa yote ya namna hii ni sawa. Mwaka huohuo wa 1904, Otto Werner wa Ujerumani alieleza habari za ndugu wanne waliozeeka mapema wakiwa watu wazima. Ugonjwa wao, ambao jeni yake iligunduliwa mwaka 1996, hurithiwa: lazima baba na mama, wote wawili, wawe wamempa mtoto nakala yenye kasoro, ingawa wao wenyewe ni wazima. Jeni hiyo husaidia kutengeneza uzi wa DNA unapoharibika. Kwa hiyo milango ya uzee wa mapema ni zaidi ya mmoja.

Kujua sababu si kuponya, lakini ni kuushika mlango wa dawa. Palikuwapo dawa iitwayo lonafarnibu, iliyotengenezwa kwanza kwa ajili ya saratani. Kazi yake ni kuzuia ile kamba ya mafuta isifungwe tangu mwanzo. Mwaka 2007 ilianza kujaribiwa kwa watoto wenye projeria katika hospitali ya watoto ya Boston. Familia zilisafiri kutoka nchi nyingi na lugha nyingi kwenda kushiriki. Mwezi wa Novemba mwaka 2020 serikali ya Marekani iliidhinisha itumike. Haiondoi ugonjwa, bali huongeza maisha kwa wastani wa miaka 2 na nusu au zaidi. Mwaka 2021 wataalamu walitangaza kwamba wameweza kuisahihisha herufi yenyewe, kuirudisha T iwe C, ndani ya miili ya panya waliokuwa na kosa hilo la binadamu, na panya hao wakaishi zaidi ya mara mbili ya wenzao.

Na tusiwasahau watoto wenyewe, maana wao ndio waliotoa damu yao. Sam Berns alifariki mwezi wa Januari mwaka 2014, akiwa na miaka 17, baada ya kuwafundisha wengi kwa maneno yake jinsi ya kuishi bila ya kujihurumia. Huko Afrika Kusini, Ontlametse Phalatse alijulikana nchi nzima kwa uchangamfu wake, akafariki mwaka 2017 akiwa na miaka 18. Sammy Basso wa Italia alisoma sayansi katika Chuo Kikuu cha Padova, akaandika juu ya ugonjwa wake mwenyewe, na akashirikiana na watafiti kama mwenzao. Alifariki mwaka 2024 akiwa na miaka 28. Wenye maisha mafupi waliacha elimu ndefu. Faida yake yawafikia hata wasio wagonjwa, kwa kuwa projerini kidogo imeonekana pia katika chembe za watu wa kawaida wanaozeeka. Anayechunguza saa iliyokwenda mbio hujifunza jinsi saa zote ziendavyo.

Turudi sasa Turkana, tuone upande wa pili wa jambo hilihili. Kama kubadilika kwa herufi huleta msiba, je, huweza kuleta baraka? Kwa miaka mingi watafiti wa Kenya na wa Marekani wamekuwa wakishirikiana na jamii za Waturkana, wakikaa nao, wakiwasikiliza, wakipima afya zao. Mwaka 2025 walitangaza matokeo ya kusoma vitabu vya urithi vya watu 367. Waliona sehemu nane ambazo zimechaguliwa na maisha ya nchi kavu. Mojawapo iko karibu na jeni iitwayo STC1, ambayo huzisaidia figo kutunza maji, na yawezekana pia huulinda mwili usidhurike kwa chakula cha nyama, maziwa na damu. Badiliko hilo lilianza kuenea yapata miaka 5,000 iliyopita, wakati nchi hii ilipokuwa ikigeuka kuwa jangwa. Kitabu kilekile, makosa ya uandishi ya namna ileile: moja humwondolea mtoto maisha yake, jingine huwawezesha watu kuishi pale ambapo wageni wangekufa kwa kiu. Hata baraka hiyo ina masharti, maana wale waliohamia mijini, wakala vyakula vingine na kufanya kazi za kukaa, wameonekana kupata shinikizo la damu na unene kuliko ndugu zao wachungaji.

Basi, wewe usomaye maneno haya, huenda umekaa darasani Lodwar, au Kakuma, katika shule ambayo wanafunzi wake wametoka Turkana, Sudan Kusini, Somalia, Kongo na Burundi. Maana kambi ya Kakuma imewapokea watu wa mataifa mengi tangu mwaka 1992. Chukua kalamu ufanye hesabu ndogo. Katika Kenya huzaliwa watoto zaidi ya milioni 1 kila mwaka. Ikiwa mmoja katika milioni 4 huwa na projeria, basi kila baada ya miaka michache mtoto wa namna hiyo huzaliwa katika nchi hii. Ukiongeza nchi zote za Afrika ya Mashariki, idadi huzidi. Watoto hao wako wapi? Wengine huenda wamefichwa ndani kwa aibu. Wengine huenda wamekufa bila ya mtu kujua ugonjwa wao, huku mama zao wakiambiwa kwamba wamelaaniwa.

Hapo ndipo elimu hii inapokuhusu. Hutaweza leo kuisahihisha herufi ya 1,824, ingawa huenda miaka ijayo mmoja wenu akawa miongoni mwa watakaoweza. Lakini siku utakapomwona mtoto mdogo mwenye kipara na ngozi ya kizee, au mtoto yeyote mwenye umbo usilolizoea, liko jambo uwezalo kulifanya siku hiyohiyo. Mwite kwa jina lake, ukae naye kama mtoto mwenzako, na uwashauri wazazi wake wampeleke hospitali. Ukisikia watu wakimnong'ona mama yake, waambie yale uliyoyasoma: kwamba ni herufi moja kati ya bilioni 3, na kwamba hakuna mtu aliyeiandika kwa hiari yake.

Wahenga walitupa methali nyingine pia, nayo yafaa kusimama mwisho wa insha hii kama ile ya kwanza ilivyosimama mwanzoni. Walisema, hujafa hujaumbika. Hawakujua habari za DNA, lakini walijua kwamba kitabu cha kila mtu bado kinaandikwa, na kwamba hakuna ajuaye herufi itakayofuata.